Panya wa kwenye simu ya shangazi: wanyama wanatufundisha nini kuhusu kuumia uti wa mgongo

Shangazi alinitumia video saa mbili usiku, na kabla sijaifungua akawa ameshapiga. Anakaa Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, na mvua ilikuwa inalipiga bati kiasi kwamba nilimwomba arudie mara mbili. "Mwanangu, umemwona yule panya? Alivunjika mgongo. Sasa anapanda ngazi."

Nikaifungua. Panya mweupe amefungwa mkanda kifuani, ameinuliwa kidogo kama mtoto anayefundishwa kusimama, na miguu yake ya nyuma inakanyaga: ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini ya video mtu ameandika kwa Kiswahili kwamba tiba ya kupooza imepatikana, kwamba ni sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), na kwamba anayehitaji apige namba iliyopo hapo.

Mtoto wa shangazi, binamu yangu, alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi miaka mitatu iliyopita, msimu wa kuchuma. Waliomwokota walikuwa na nia njema na haraka nyingi. Walimbeba mgongoni hadi barabarani, wakamkunja ndani ya bajaji. Tangu siku ile kuanzia kitovuni kwenda chini hana habari na mwili wake. Sasa alikuwa amejitokeza mtu wa kununua kipande chao cha chai, na shangazi alitaka neno moja kutoka kwangu: auze au asiuze.

Nilishindwa kumjibu palepale, kwa sababu video ile ni ya kweli. Panya yule aliumizwa mgongo na kweli alitembea. Lakini kutoka kwa panya yule hadi kwa binamu yangu ni mwendo mrefu wenye njia panda nyingi, na wanaosambaza video hizi hawausimulii, baadhi kwa kutoujua, baadhi kwa sababu wana kitu cha kuuza. Haya ndiyo maelezo niliyotamani ningekuwa nayo mdomoni usiku ule.

Kamba nyeupe ya buchani

Kama hujawahi kuuona ugwe, pita buchani asubuhi mbuzi anapopasuliwa. Muuza nyama akiugawa mgongo kwa shoka, pingili hufunguka katikati, na ndani ya kila pingili kuna tundu, na ndani ya tundu imepita kamba nyeupe, laini, yenye unyevu. Wengi wetu tunaiita uboho na tunaila na supu. Si uboho. Uboho umo ndani ya mfupa wenyewe na kazi yake ni kutengeneza damu. Kamba hii ni mwendelezo wa ubongo, ubongo ulioteremka mgongoni. Vitabu vya biolojia huiita ugwe mgongo. Mtaani tunasema uti wa mgongo tukimaanisha mifupa na kilichomo ndani yake kwa pamoja, na hapo ndipo mkanganyiko huanza, maana mfupa ukivunjika huunga, ugwe ukiumia hauungi.

Ibonyeze ile kamba kwa kidole. Inabonyea na haiinuki tena. Ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 45 hivi, unene wa kidole cha mwisho, na huishia karibu na kiuno, ikiwa imetoa jozi 31 za neva kwenda mikononi, kifuani, tumboni, kwenye kibofu na miguuni. Amri zote za kutembea hushukia humo, na habari zote za moto, baridi na maumivu hupandia humo.

Wengi hudhani mgongo ukivunjika ugwe hukatika kama waya wa umeme. Mara nyingi haukatiki. Hugongwa, hubanwa, hupondeka, na pembeni hubaki nyuzi kadhaa za neva ambazo bado zimeshikana. Hilo ni pigo la kwanza, la sekunde moja. Pigo la pili huja taratibu: vijishipa vya damu hupasuka, ugwe huvimba ndani ya tundu la mfupa lisiloweza kutanuka, damu hushindwa kupita, seli zinazokufa humwaga kemikali zinazoua zile za jirani, na chembe za kinga zinazokuja kusafisha huharibu hata kilichokuwa kizima. Hayo huendelea kwa saa, siku, hata wiki. Mwishoni pale katikati hubaki shimo lenye maji lililozungushiwa kovu.

Sehemu kubwa ya matumaini ya kitabibu iko katika pigo hilo la pili, kwa sababu la kwanza huwa limeshapita mgonjwa anapofika hospitali. Na tumelijua kupitia wanyama. Mwaka 1911, Alfred Reginald Allen wa Marekani aliangusha uzani juu ya ugwe wa mbwa waliolazwa kwa dawa ya usingizi. Alipoupasua ugwe uliopondeka na kuondoa damu na uozo uliokusanyika ndani, aliona baadhi ya mbwa wakipata nafuu kuliko wale alioacha hivyo hivyo. Kama kuondoa uchafu kunasaidia, basi uharibifu ulikuwa bado unaendelea baada ya kipigo. Wazo hilo ndilo limebeba utafiti kwa zaidi ya miaka mia.

Swali jingine ni kwa nini ugwe hauoti upya. Neva ya mkono ikikatika na kushonwa vizuri huota, polepole, kama milimita moja kwa siku. Mtafiti mkubwa wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, aliona mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba nyuzi za ugwe hujaribu kuota kisha hukata tamaa. Watu wakaamini hazina uwezo. Halafu mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakiweka kama daraja pembeni ya ugwe wake. Nyuzi za ugwe ziliingia darajani zikakua kama sentimita tatu. Kumbe uwezo upo. Kinachozizuia ni mazingira ya ugwe wenyewe. Sidhani kama kuna jaribio jingine la panya lililobadilisha mawazo ya watu katika fani hii kiasi hicho, na ukitaka kujua kwa nini wanyama wanatumika, mimi ningeanza kukueleza hapo. Hakuna mgonjwa ambaye ungemfanyia vile.

Gramu kumi

Watu walioumia mgongo hawafanani. Mmoja kaanguka mtini, mwingine kapinduka na bodaboda, mwingine alikuwa ndani ya lori lililokata breki kwenye mteremko wa Kitonga. Ukiwapa kumi dawa moja na watatu wakapata nafuu, hujui kama ni dawa au ni ule uhai kidogo uliokuwa umebaki mgongoni mwao. Ndiyo maana maabara hutafuta jeraha lile lile, mara nyingi iwezekanavyo.

Kifaa kilichoenea sana kilitengenezwa New York na kuelezwa mwaka 1992. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, paa la pingili moja huondolewa mpaka ugwe uonekane, kisha kijiti cha gramu 10 huachiwa kidondoke juu yake. Kikidondoka kutoka milimita 12.5, kama upana wa kidole chako, panya atapooza kisha atarudisha sehemu ya mwendo wake. Kikidondoka kutoka milimita 50 atabaki na kidogo sana. Gramu kumi ni vijiko viwili vya chai vya maji. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka binamu yangu akikunjwa ndani ya bajaji, nikaelewa kwa nini madaktari husisitiza kwamba aliyeanguka alazwe juu ya ubao, shingo isitikiswe.

Njia nyingine ni kuubana ugwe kwa kibanio chenye nguvu iliyopimwa, kama walivyofanya Rivlin na Tator kule Toronto mwaka 1978. Hiyo hufanana na mfupa uliohama ukaendelea kukandamiza. Na njia ya tatu ni kuukata kwa wembe, nusu au wote. Kukata hakufanani na ajali nyingi za binadamu, lakini kuna swali ambalo bila kukata halijibiki: je, uzi huu umeota upya, au ulikuwepo tangu mwanzo ukanusurika? Ukigonga tu, huwezi kujua. Watafiti wengi wametangaza nyuzi zimeota kumbe zilikuwa zimenusurika, na somo hilo limewagharimu wagonjwa muda.

Kwa hiyo ukisikia "panya aliyevunjika mgongo", neno lenyewe halijakwambia chochote. Aligongwa, alibanwa au alikatwa? Kutoka nyuma, kama panya wengi wa maabara, au kutoka mbele, kama mfupa wa binamu yangu ulivyoingia?

Swali la binamu

Baada ya jeraha, nani anasema panya amepona? Tangu mwaka 1995 kipimo kinachotumika zaidi kwa panya ni kile cha Basso, Beattie na Bresnahan, chenye alama kuanzia 0 hadi 21. Panya huachiwa kwenye uwanja mdogo kwa dakika nne, na watu wawili humtazama: kiungo gani kinatikisika, nyayo zinakanyaga au zinaburuzwa, mkia umeinuka au umelala. Kati ya alama ya 8 na ya 9 ndipo anapoanza kubeba uzito wake mwenyewe. Hatua hiyo kubwa inaonekana kwenye karatasi kama alama moja tu, wakati tofauti ya alama tatu nne huko juu inaweza kuwa ni mambo madogo ya mkao wa unyayo. Taarifa ikisema "panya wamepata nafuu maradufu", uliza kutoka ngapi hadi ngapi.

Nilipomsomea binamu yangu haya kwa simu, alisikiliza kimya, kisha akauliza jambo moja: "Mkojo wao unatokaje?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu utafiti huu. Unatoka kwa mikono ya watu. Mfanyakazi wa maabara humshika kila panya mara mbili au zaidi kwa siku, akakitafuta kibofu tumboni na kukikamua taratibu. Akiacha, kibofu hujaa, maambukizi huingia, panya hufa. Ni sababu mojawapo ya maabara nyingi kutumia panya jike: mrija wao wa mkojo ni mfupi, hukamulika kirahisi. Wapo pia panya wanaojitafuna vidole vya miguu visivyo na hisia, na lazima wakaguliwe kila siku. Wapo watu wanaosema majaribio haya ni ukatili mtupu, na wapo wanaosema panya ni panya tu. Mimi siwezi kusimama na yeyote kati yao. Kanuni zilizopendekezwa na Russell na Burch mwaka 1959, kwamba mnyama abadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, idadi ipunguzwe, na mateso yapunguzwe, ndizo zinazofuatwa katika maabara zinazostahili jina hilo, na jaribio lililopangwa vibaya kwa macho yangu ni ukatili wa pande mbili: mnyama ameumia, na mgonjwa hakupata kitu.

Lakini swali la binamu linagusa kitu kikubwa zaidi. Kwa miongo mingi fani hii ilipima miguu. Mwaka 2004 Kim Anderson, mtafiti ambaye mwenyewe ameumia uti wa mgongo, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha hayo walioulizwa wangependa kurudishiwa nini kwanza. Waliopooza mikono na miguu wengi walitaja mikono. Waliopooza miguu wengi walitaja uwezo wa tendo la ndoa. Kibofu, choo na uthabiti wa kiwiliwili vilikuwa juu sana kwa wote. Kutembea hakukuongoza. Ukikaa na mtu anayebadilishiwa mpira wa mkojo na mama yake mzazi akiwa na miaka ishirini na saba, huhitaji kuelezwa.

Kila mnyama na swali lake

Kosa ambalo habari nyingi hufanya ni kupanga wanyama kama ngazi: panya, kisha nguruwe, kisha nyani, kisha mtu, kana kwamba anayefuata ni mtu zaidi. Haiko hivyo. Kila mnyama anajibu swali fulani, na kwa swali jingine atakudanganya.

Chukua panya mkubwa wa maabara na yule mdogo wa aina ya panya wa nyumbani. Mkubwa akipondwa ugwe hupata shimo lenye maji, kama binadamu. Mdogo hapati shimo. Jeraha lake hujaa tishu na kusinyaa. Mdogo ni bora ukitaka kuchezea jeni, lakini ukitaka kujaribu kitu cha kujaza shimo, hana shimo la kujazwa. Na wote wawili wana tofauti kubwa na sisi: njia kuu inayoshusha amri za hiari kutoka kwenye ubongo, kwetu hupita hasa ubavuni mwa ugwe, kwao hupita mgongoni mwake. Panya akikatwa njia hiyo peke yake, bado anatembea vizuri tu. Anachopoteza ni ustadi wa vidole. Binadamu akiipoteza, amepoteza mengi. Ndiyo maana ukitaka kujua kuhusu mkono unaofunga kifungo cha shati huwezi kumkwepa tumbili au nyani, ambaye nyuzi zake kutoka ubongoni hugusa moja kwa moja seli zinazoendesha misuli ya vidole, kama zetu. Wanatumika wachache, na iwe hivyo.

Sasa kuku. Sote tuliokulia uswahilini au kijijini tumemwona kuku aliyekwisha kuchinjwa akikimbia. Kichwa hakipo, ubongo haupo, na miguu inakwenda kwa mpangilio, kushoto kulia kushoto kulia. Utotoni nilidhani ni roho inayohangaika. Ni ugwe. Ndani yake kuna mitambo ya neva inayojua kupiga hatua bila kusubiri ubongo uiagize kila mguu. Watafiti walilithibitisha hilo kwa paka: katika miaka ya 1980, paka waliokatwa ugwe wote kifuani, wakifundishwa kwa wiki kadhaa juu ya mkanda unaosogea, miguu yao ya nyuma ilirudi kukanyaga na kubeba uzito. Hakuna uzi ulioota. Ugwe ulio chini ya jeraha ulijifunza.

Kutoka kwa paka hao ndipo yalipotoka mazoezi ya kumning'iniza mgonjwa kwa mikanda juu ya mashine ya kutembelea. Ilitegemewa miujiza. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilikuta kwamba kwa wagonjwa waliobakiwa na nyuzi, mashine haikuzidi mazoezi ya kawaida ya kutembea sakafuni yaliyofanywa kwa bidii na muda ule ule. Sisi tunasimama kwa miguu miwili, na mwendo wetu hutegemea ubongo kuliko wa paka. Lakini soma matokeo hayo kutokea huku kwetu: mazoezi ya sakafuni, kwa mtaalamu mzuri na vyuma viwili vya kushikia vilivyochomelewa na fundi wa mtaani, hayakushindwa na mashine ya gharama kubwa. Kwangu hiyo ni habari njema.

Mbwa wana nafasi ya pekee, maana baadhi huumia wenyewe. Mbwa wale wa Ulaya wenye miguu mifupi na mgongo mrefu hupasuka diski za mgongo wakiwa nyumbani kwao, ugwe ukapondeka, wakapooza. Hawa si wa maabara. Wana wenyewe wanaowapenda, umri tofauti, majeraha tofauti, muda tofauti, kama wagonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walichapisha jaribio la mbwa 34 wa namna hiyo: baadhi walichomwa seli zilizotolewa kwenye pua zao wenyewe, wengine maji yasiyo na seli, bila mpimaji kujua nani kapata nini. Waliopata seli walipiga hatua zilizolingana vizuri zaidi kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Lakini hapakuwa na dalili kwamba mawasiliano na ubongo yamerudi. Magazeti yaliandika nusu ya kwanza.

Nguruwe wadogo hutumika kwa sababu unene wa ugwe wao unakaribia wetu, hivyo sindano, kipimo cha dawa na upasuaji hujaribiwa kwao. Samaki mmoja mdogo mwenye milia huota ugwe wake uliokatwa na kuogelea tena baada ya wiki sita hadi nane; anatuonyesha kuwa maumbile yanajua njia. Na hata mwenye manyoya yupo: panya wa miiba, mnyama wa Afrika na nchi jirani zake, wa jamii inayopatikana hapa Tanzania pia, ambaye mwaka 2022 ilichapishwa kwamba hurudisha mwendo hata baada ya ugwe kukatwa wote. Tumezoea kusikia ya panya buku wa Morogoro wanaonusa kifua kikuu. Ningefurahi sana kuona siku moja vijana wetu wakimsoma na huyu mwenye miiba, katika vyuo vyetu.

Kwa nini dawa za panya zinaishia kwa panya

Kuna dawa ambayo kila daktari wa dharura wa miaka ya 1990 aliijua: methylprednisolone, dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uvimbe. Katika wanyama ilionekana kuzuia pigo la pili. Mwaka 1990 jaribio la Marekani likatangaza kwamba ikitolewa kwa kiwango kikubwa ndani ya saa nane, wagonjwa hupata nafuu. Ikasambaa duniani kote. Baadaye wengine walipozipitia takwimu wakaona faida ilikuwa ndogo na imetokana na kugawa wagonjwa katika makundi baada ya jaribio, na kwamba madhara, hasa maambukizi na kutokwa damu tumboni, yalikuwa halisi. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani ukashauri isitumike kwa majeraha haya. Miaka 23 imepita kati ya matangazo mawili.

Shida haikuwa panya au paka. Shida ni kwamba mnyama wa maabara hupewa dawa dakika chache baada ya kipigo, wakati mwingine hata kabla. Kutoka shamba la parachichi la Rungwe hadi meza ya daktari bingwa jijini Mbeya, hesabu saa, na mvua ikinyesha hesabu nyingi zaidi. Mnyama ni kijana, ana afya, ni ndugu wa damu na wenzake wote walio kwenye jaribio, ameumia kifuani peke yake. Mgonjwa wetu ana mbavu zilizovunjika, amepoteza damu, na huenda ameumia shingo. Ugwe mzima wa panya ni mfupi kuliko peni ya kuandikia, kwa hiyo uzi ukiota sentimita moja kwake ni safari, kwetu ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Na panya aliyegongwa kiasi hupata nafuu mwenyewe bila dawa yoyote; kama hakuna kundi la kulinganisha, dawa yoyote itaonekana imemponya.

Serikali ya Marekani iligharamia maabara kadhaa kurudia majaribio ya wanyama yaliyokuwa yamesifiwa sana. Matokeo yalipokusanywa na kuchapishwa mwaka 2012, mengi hayakujirudia. Naliona hilo kuwa tendo la heshima kubwa kwa wagonjwa.

Panya wa video

Nilimtambua. Anatoka katika kazi ya Grégoire Courtine na wenzake, Uswisi, iliyochapishwa mwaka 2012. Ugwe wake ulikatwa nusu upande mmoja, na nusu nyingine upande wa pili, sehemu mbili tofauti, hivyo hakuna uzi uliopita moja kwa moja, lakini palibaki kipande hai katikati. Chini ya jeraha aliwekewa nyaya za umeme mdogo. Alichomwa dawa zinazoiga kemikali ambazo ubongo ungezituma. Mkanda wa roboti ulimshikilia asianguke, bila kumsukuma mbele. Na alifanyishwa mazoezi wiki nyingi. Panya waliowekwa tu kwenye mkanda unaosogea, miguu ikikanyaga bila wao kutaka, hawakurudishiwa mwendo wa hiari. Waliorudishiwa ni wale waliolazimika kutaka kufika mahali. Na umeme na dawa vikiondolewa, mwendo uliondoka.

Seli shina hazimo. Maandishi yaliyo chini ya video ni ya uongo, na picha ni ya kweli.

Kazi hii, tofauti na nyingi, ilivuka, kwa sababu swali lake lilikuwa la kuku na paka: mitambo iliyo chini ya jeraha bado ipo, itaamshwaje? Mwaka 2011 huko Louisville, Marekani, mtu aliyepooza miguu aliweza kusimama akiwa amewekewa kifaa cha umeme juu ya ugwe, baada ya mazoezi mengi. Mwaka 2018 kundi la Courtine lilichapisha habari za wanaume watatu waliopiga hatua kwa msaada wa umeme huo na vya kushikilia. Ni upasuaji, ni kifaa ndani ya mwili, ni miezi ya kazi, na wachache sana wamefikiwa.

Za seli shina zinaendelea kuchunguzwa kwa dhati, na dhati hiyo huenda polepole. Jaribio la kwanza la seli shina za kiinitete kwa walioumia ugwe lilianza Marekani mwaka 2010 kupima usalama tu, likasitishwa mwaka 2011 kwa sababu za kifedha. Na mwaka 2014 madaktari waliripoti juu ya mwanamke aliyepandikizwa tishu za pua mgongoni akitumaini kutembea. Miaka minane baadaye alirudi na maumivu, na ndani ya mgongo wake wakakuta uvimbe unaotoa ute mzito kama kamasi. Seli za pua ziliendelea kufanya kazi ya pua.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kosta hadi Tukuyu. Tuliipiga ile namba tukiwa watatu chumbani, simu ikiwa kwenye spika. Niliuliza mambo manne: ni mnyama gani alijaribiwa, aliumizwaje, sindano ilichomwa muda gani baada ya jeraha, na matokeo ya watu yamechapishwa wapi. Mtu wa upande wa pili alinitajia bei, akasema nafasi zilizobaki ni chache. Nikauliza tena lile la tatu, maana mgonjwa wetu ana miaka mitatu tangu aumie. Akasema tutume kwanza malipo ya awali.

Shangazi aliizima simu mwenyewe. Hakusema kitu kuhusu shamba, na sikumuuliza. Tulizungumza juu ya godoro, kwa sababu kidonda cha kulalia kilichokuwa kimefunga kule chini kilikuwa kimeanza tena kuwa chekundu, na juu ya mtaalamu wa mazoezi anayekubali kufika nyumbani mara mbili kwa mwezi.

Binamu aliichukua simu akaitazama video mara ya mwisho. Akaisimamisha panya alipofika ngazi ya tatu, akaweka kidole kifuani mwa panya, palipo na mkanda. "Hapa wakifungua," alisema, "anaanguka. Niliona tangu siku ya kwanza. Ila mama alikuwa amefurahi."

Shangazi akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi, muda wa kumgeuza ubavu.